Je, Walikufa Bure?

Hapa Songea twalijua kaburi la wale walionyongwa na Wadachi mwaka 1906. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa mwaka huo. Watu waliambiwa ya kuwa maji ya dawa yatazuia risasi, hayakuzuia. Je, maisha yao yalikuwa ubatili?

Swali hili Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliliweka jukwaani katika mchezo wake "Kinjeketile", uliochapwa mwaka 1969. Kinjeketile wa mchezo huo awapa watu maji ili wawe wamoja. Nao wayashika maji kuliko umoja. Neno lake lamshinda nguvu, hata hajui tena kama yeye ni mjumbe wa kweli au mtu aliyedanganyika. Mwisho, akiwa mfungwa, atakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa.

Wengine watasema ni kiburi, maana walioamini maji walizidi kufa, na vita vilidumu hata 1907. Neno hili ni zito. Lakini ukweli wote ulikuwa na nusu mbili: maji hayafai, na haki yenu ni kweli. Aliyemfunga alitaka nusu ya kwanza tu, ili watoto waambiwe kwamba hata kutaka uhuru kulikuwa kosa.

Mtungi ukivunjika njiani, kiu haigeuki kuwa uongo. Basi tuwalilie waliokufa kwa kuamini maji, wala tusiseme kwamba walilolitafuta lilikuwa bure.