Ampea na Kisado

Tarehe 20 Mei 2019 ampea ilipewa maana mpya. Tangu 1948 ilielezwa kwa nyaya mbili zisizo na mwisho, zilizolazwa sambamba mahali pasipo hewa. Nyaya ambazo hakuna fundi aliyewahi kuzitengeneza. Sasa imefungamanishwa na chaji ya elektroni moja, nayo haichakai wala haihongwi: zikipita elektroni zipatazo milioni sita mara milioni mara milioni kila sekunde, hiyo ndiyo ampea. Taa za Mwanza usiku ule hazikuzidi mwanga wala kupungua.

Basi ni haki gani iliyoongezeka? Swali hili humjia mtu Mwaloni Kirumba, dagaa wanapopimwa. Mchuuzi akinunua hutaka kisado kifure kilima. Akiuza, kisado kilekile hukipangusa mdomo kwa kiganja. Chombo hakijakosea hata chembe.

Wako wasemao kipimo ni mapatano tu. Mapatano ya nani? Mvuvi aliyekesha na karabai ziwani aghalabu hakuwapo walipopatana. Fadhila ya elektroni, naona, si udogo wake, bali ni kutokuwa na mwenyewe. Lakini kile kilima cha dagaa, ambacho kina wenyewe wengi, tukifungamanishe na nini?