Mcheza Peke Yake

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Nani basi amtunze yule achezaye kwao peke yake, mlango umefungwa, hana mwenzi wala mtazamaji? Swali hili latujia kila tumwonapo kijana ameshika kibao cha mpira wa meza, akiurusharusha mpira juu yake, mara kwa upande huu wa kibao, mara kwa upande wa pili, huku akihesabu kwa sauti ya chini. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 2.7 tu; upepo wa dirishani watosha kuupotosha. Mkono hauna budi kufunzwa.

Wako wasemao kwamba huko ni kujipumbaza, kwani mchezo ni wa watu wawili. Hatuafikiani nao, ingawa wana hoja moja nzito. Ukuta hurudisha ulichopewa, lakini haukusudii kitu. Tena una tabia yake: mpira uliosuguliwa kuelekea juu hupanda ukutani, na uliokatwa kwa chini hushuka. Mshindani sivyo alivyo. Yeye huutafuta udhaifu wako, akaupeleka mpira pale pale usipopapenda. Aliyezoea ukuta tu amezoea kujibiwa na nafsi yake; nasi walimu twawajua wanafunzi wasemao Kiswahili fasaha chumbani, kisha wakababaika sokoni muuza ndizi anapowakatiza.

Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipozifunga kumbi, hata mashindano ya dunia yaliyopangwa kufanyika Busan, Korea ya Kusini, yaliahirishwa, na hatimaye yakafutwa. Aliyeendelea kuupiga mpira ukutani siku zile alikuwa na nini cha kungojea? Twadhani alikuwa akimheshimu mshindani asiyekuwepo, kwa kuwa ajaye mezani na mkono mbichi humnyima mwenziwe mchezo.

Lakini uzito wa jambo hili, kwa maoni yetu, umo katika hesabu. Mtu amekusudia mapigo 100. Mpira ukamponyoka kwenye pigo la 97. Mwamuzi hayupo. Aweza kusema "mia" akaenda zake kula, na kwa mapigo matatu mkono wake haukupungukiwa na kitu. Je, amemdhulumu nani?

Sheria ya mchezo yamtaka mwenye kuanzisha aurushe mpira wima kutoka kiganja kilicho wazi, upande sentimita 16 au zaidi, wala asiufiche usionekane na mshindani. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya macho ya mwingine. Chumbani macho hayo hayapo. Anayeipinda huko huufundisha mkono kuipinda, na mkono hauombi ruhusa ufikapo mezani. Na ulimi uliozoea kusema "mia" penye 97 haukosi kulisema siku mwamuzi atakapokuwa hakuona vizuri.

Watakuwapo watakaodai kwamba twalikuza dogo, kwani matatu ni matatu tu. Basi na waanze upya kutoka moja, jioni, wakiwa wamechoka na chakula kinapoa, waone ni kitu gani ndani yao kinachokataa.