Mwenye Kiwanja na Haki ya Waliotangulia

Mtu amenunua kiwanja shamba kwa mali yake ya halali, ataka kujenga nyumba ya kuwasitiri watoto wake. Jembe la kuchimba msingi likatoa vigae, shanga na majivu ya jiko la kale. Je, yampasa asimame, au aendelee? Suala hili si dogo, na kadiri miji yetu inavyotanuka kuingia mashambani litazidi kutufikia.

Baadhi ya ndugu zetu husema: ardhi ni ya aliye hai, na maiti hana haja ya nyumba. Wengine husema kwamba mabaki yenye thamani ni ya mawe tu, kama Gede na Takwa, ama kibanda cha udongo kilichokwisha oza hakina habari. Twaona kauli ya kwanza ina haki ndani yake, na ya pili haina.

Tuanze na hiyo ya pili. Mji wa Shanga, kisiwani Pate, ulichimbuliwa baina ya 1980 na 1988 na wataalamu walioongozwa na Mark Horton. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe yalionekana mabaki ya misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa mwisho wa karne ya 8. Msikiti ule haukuacha ukuta. Uliacha alama za nguzo ardhini. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, kijiji cha nyumba za udongo cha karne ya 7 hadi ya 10 kilitoa vigae vyenye mifuo, vilivyotumiwa kusugulia shanga za makombe. Lau wachimbuzi wangalitazama mawe peke yake, hayo yote yasingalijulikana.

Yajulikana vipi? Nguzo ikioza huacha duara la udongo mweusi. Ukuta wa fito ukiungua huacha madongo yenye chapa za fito. Mifupa ya samaki hueleza chakula, na vigae vya ng'ambo hueleza biashara. Lakini haya husomwa tabaka baada ya tabaka, kwa mwiko na chekeche, kwa kupima na kuchora, kwani pahali palipochimbwa mara moja hapachimbiki tena. Jembe la msingi huyaondoa kwa siku moja, na hapana wa kuyarudisha.

Tajiri wa zamani ana kaburi lenye maandishi na nasaba iliyohifadhiwa. Mvuvi, msuka makuti, na mwanamke aliyefinyanga chungu hawana shahidi ila udongo. Shahidi wa pekee wa mnyonge yastahiki asikizwe kabla ya kufukuzwa.

Wala si jambo geni kwetu kwamba kilichookotwa si cha aliyekiokota peke yake. Fiqhi yaamuru kitu kilichopotea kitangazwe mwaka mzima, na hazina ya kale iliyozikwa itolewe khumsi. Kigae si dhahabu. Thamani yake ni ilimu, na ilimu haina mrithi mmoja. Ama makaburi, hukumu yake ni nyingine: yakionekana, ukuta na usogezwe, wala wafu wasifukuliwe kwa ajili ya kutaka kujua tu.

Sasa turejee kauli ya kwanza. Aliye hai anayo haki, na haki hiyo hudhulumiwa pale mzigo wote unapotupwa juu yake. Sheria ya Kenya ya 2006 ya Makumbusho ya Taifa na turathi yamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe habari katika siku 7. Ni sheria njema. Lakini maskini ana fundi anayedai ujira, saruji inayoganda ghalani, na kodi ya chumba alichopanga. Aogopa kuzuiliwa bila muda, basi huvifukia vigae upesi na kunyamaza. Tukimlaumu yeye peke yake tumekosa insafu. Mapatano ya Valletta ya 1992, ya nchi za Ulaya, yaliagiza kuwa katika miradi mikubwa gharama ya uchimbuzi ibebwe na wenye mradi. Hiyo yamfaa mwenye hoteli na mwenye barabara. Mwenye vyumba viwili yafaa abebewe na watu wote, kwani faida ni ya wote.

Twalifananisha jambo hili na fardhi kifaya: wachache wakilitimiza, wengine wamesalimika, likiachwa na wote, lawama ni ya wote. Kwa hivyo mjenzi na atoe habari mapema, kabla ya kuchimba msingi. Wataalamu na waje upesi, wamwambie siku watakayomaliza, na waitimize ahadi. Vijana wa mtaa na wasaidie kuchekecha mchanga, nao watajifunza. Walimu na waandike yaliyoonekana, wayasome madarasani. Kisha nyumba na ijengwe, na watu wake wakae kwa amani juu ya ardhi ambayo habari zake zimekwisha kusikizwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.