Riziki, Ujira na Ofisi ya Kazi

Imani kwamba riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba hakuna kiumbe awezaye kulizuia fungu la mwenzake, imeenea kaunti yote ya Kwale, katika pwani ya Kenya, tangu Ukunda na Diani hadi Msambweni, kwa Waislamu walio wengi na kwa Wakristo wanaoishi nao. Kutokana na imani hiyo huzuka swali ambalo wanazuoni wa dini na wa sheria hawana budi kulikabili pamoja: ikiwa fungu la kila mja limekwisha kukadiriwa, serikali inaingilia nini inapoweka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ili kuwaandikisha watafuta kazi na kuwakutanisha na waajiri, na inapompa afisa wa kazi uwezo wa kuingia katika hoteli au shamba la mtu na kutaka aonyeshwe daftari la mishahara?

Jibu linaanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Riziki ni kile Mungu anachomjaalia mja. Ujira ni deni, yaani mali ya mfanyakazi iliyobaki mikononi mwa mwajiri baada ya kazi kufanyika, na deni halifutiki kwa sababu mdaiwa ni mcha Mungu au mdai ni maskini mwenye subira. Mwajiri anayemwambia kibarua ashukuru kwa kuwa amempa riziki amejitwalia cheo kisicho chake, na inasikitisha kwamba imani iliyopaswa kukivunja kiburi hicho ndiyo mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha anayedai haki yake.

Elimu ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu inayohusu matendo ya watu, imelitengea jambo hili mlango mzima unaoitwa ijara, ambao ndani yake kazi ya mtu huhesabiwa kuwa manufaa yanayokodishwa kwa malipo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, mkataba wa ijara hausimami mpaka kazi ijulikane, malipo yajulikane, na muda ujulikane pale kazi inapopimwa kwa muda. Ukiharibika kwa kukosa mojawapo ya hayo na kazi ikawa imekwisha kufanywa, mfanyakazi hustahili ujira wa mfano, yaani kiasi wanachopata watu wa kazi kama ile. Habari za Nabii Musa huko Madyan, katika Sura ya Al-Qasas, zinaonyesha sharti hilo likitimizwa: miaka ya utumishi ilitajwa, malipo yalitajwa, na mwenye kuajiri aliahidi kutomtwisha mzigo mzito. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inapodai kwamba mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kwamba jukumu la kuuandika ni la mwajiri, hailetei pwani jambo geni.

Ugumu uko kwa kibarua. Sheria hiyo humtambua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja, na maelezo hayo yanamfaa anayeitwa kupakua lori au kufyeka kiwanja. Lakini katika hoteli za Diani, ambazo hujaa wageni Desemba na kupwaya wakati wa masika, wako watu wanaofua mashuka na kuosha vyombo mwezi baada ya mwezi huku kila siku ikihesabiwa kuwa mkataba mpya. Mafaqihi, hasa wa madhehebu ya Hanafi, walimtofautisha mwajiriwa wa aina hii na fundi anayepokea kazi za watu wengi: aliyetoa wakati wake wote kwa mtu mmoja hustahili malipo kwa kule kujiweka tayari, hata kama hakupewa la kufanya. Kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya kinalikaribia wazo hilo kwa njia yake, kwa kuwa kibarua aliyefanya kazi siku zinazofuatana zikatimia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, lolote mwajiri aliitalo.

Inaweza kusemwa kwamba kibarua alikubali kwa hiari. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, maana ijara yenyewe imejengwa juu ya ridhaa ya pande mbili. Hata hivyo Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, alishikilia kwamba makubaliano yaliyofanywa kwa kuogopa dhiki kubwa zaidi hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Na karne nyingi kabla yake Al-Mawardi, faqihi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, aliandika kwamba muhtasibu, ofisa aliyesimamia soko na mwenendo wa watu hadharani, ana wajibu wa kumzuia anayempunguzia mwajiriwa ujira au kumzidishia kazi. Pwani ya Kenya haina muhtasibu, na mahakama ya kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, haivuki mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Elimu yote ya ijara inayosomeshwa katika madrasa za Kwale haina basi mlango wa kutokea isipokuwa kwa afisa wa kazi, ambaye yumkini hajapata kuisoma.

Wazee wana sababu ya kuiogopa serikali inayoandikisha wafanyakazi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza utawala wa kikoloni uliwalazimisha wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande, hati iliyoonyesha mwajiri na mshahara wa mtu, na iliyomsaidia bwana shamba kumsaka aliyetoroka kazi, kwa kuwa kutoroka kulikuwa kosa la jinai. Daftari la vipande lilisomwa na upande mmoja tu. Uhalali wa daftari la leo unategemea kama mwenye jina ndani yake anaweza kurudi katika ofisi ileile na shtaka mkononi akasikilizwa.

Mwajiri naye anadai haki. Mwenye hoteli isiyo na mgeni hawezi kulipa asichokuwa nacho, na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi, alieleza kwamba nyuma ya mwajiri anayeonekana yuko mwajiri asiye wa moja kwa moja, na hasa dola, ambayo sera zake huamua kazi ipatikane au ikosekane. Mgodi wa titani wa Kwale ulipomaliza uchimbaji mwishoni mwa mwaka 2024 kwa kuwa madini yalikuwa yamekwisha, hapakuhitajika dhuluma ya mtu yeyote ili ajira zitoweke. Kwa hali kama hiyo sheria inamtaka mwajiri ampe afisa wa kazi taarifa mwezi mmoja kabla ya kupunguza wafanyakazi, na amlipe kila mmoja ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Mwezi mmoja ni muda mfupi mno kwa dereva wa mitambo mikubwa kujifunza kazi nyingine katika kaunti ambayo nje ya hoteli, miwa na bahari haina waajiri wengi, na dola iliyojua mapema kwamba mgodi ungefungwa haiwezi kusema kwamba deni lake lilianza na taarifa hiyo.