Sloti Tupu na Swali la Uwezo

Bodi ya apu2, kazi ya kampuni ya PC Engines ya Uswisi, ni mraba wa sentimita 15 na kidogo kila upande. Juu yake pana prosesa ya AMD ya gigahezi 1, kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4, matundu ya waya za mtandao, na sloti tatu zilizotoka kiwandani zikiwa tupu. Moja ni ya diski ya mSATA. Mbili ni za mini PCIe, kwa ajili ya kadi ya Wi-Fi au modemu ya laini ya simu. Bodi ya namna hii inaweza kufanywa ruta, ikafungiwa kabatini na kupitisha data mwaka baada ya mwaka bila sloti hizo kuguswa.

Je, bodi hiyo ina uwezo wa Wi-Fi? Muuzaji atajibu kwamba inao. Fundi aliyetumwa kutafuta mawimbi atajibu kwamba haina. Wote wawili wana macho mazima na wanaitazama bodi ileile. Wanachogombania ni maana ya kuwa na uwezo.

Ugomvi huu ni mkongwe. Katika kitabu cha tisa cha Metafizikia, Aristotle anabishana na wanafalsafa wa Megara, mji jirani na Athens, waliodai kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapoutumia. Mjenzi ni mjenzi anapojenga. Akiweka zana chini, ujenzi umemtoka. Aristotle aliwajibu kwamba, kwa hoja hiyo, aliyeketi hatasimama kamwe, na mtu mwenye macho atakuwa kipofu mara nyingi kwa siku moja. Tena, mjenzi akirudi kazini baada ya kupumzika, ufundi ameupata wapi kwa ghafla?

Dhidi ya Megara hoja hiyo inatosha. Haimpi muuzaji ushindi, hata hivyo. Aristotle anatenga uwezo wa kutenda na uwezo wa kutendwa: moto huunguza, mafuta huungua. Sloti iko upande wa mafuta. Haina redio ndani yake na haiwezi kutoa wimbi hata moja. Inachoweza ni kupokea kitu chenye redio. Uwezo wa kupokea ni uwezo wa kweli, ila hauwezi kuelezwa bila kukitaja kile kitakachopokewa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Chukua diski ya mSATA na kadi ya Wi-Fi ya mini PCIe, uziweke sambamba mezani. Zote zina upana wa milimita 30 na urefu wa karibu 51. Zote zina pini 52, na pengo dogo kwenye ukingo, pale pale, ili zisiingizwe kinyume. Diski ukiichomeka kwa mshazari katika sloti ya Wi-Fi, inaingia. Ukiilaza, inalala sawa juu ya vishikizo vyake, na skrubu zinakaza bila shida. Kisha unawasha, na kwenye orodha ya vifaa hakuna diski. Nyaya zilizo nyuma ya sloti zinakwenda kwingine: mSATA inahitaji njia ya kufika kwenye kidhibiti cha diski, na sloti hii imeunganishwa na njia za PCIe na USB.

Hata ndani ya mini PCIe yenyewe mna tofauti. Kadi ya Wi-Fi kwa kawaida huwasiliana na prosesa kupitia pini za PCIe, ilhali modemu nyingi za 4G zenye umbo hilohilo hutumia pini za USB. Sloti iliyofungwa nyaya za USB peke yake itaipokea modemu vizuri na kuiacha kadi ya Wi-Fi bila mawasiliano. Jicho halioni chochote cha kuzitofautisha. Anayedhani uwezo wa kitu unasomeka kwenye umbo lake atapoteza fedha hapa, na mwanafalsafa atapoteza nadharia.

Kipimo kikali zaidi kipo katika kitabu kilekile. Kwa Aristotle, udongo bado si sanamu kwa uwezo, kwa kuwa lazima kwanza ugeuke shaba. Vifaa vya ujenzi ni nyumba kwa uwezo pale ambapo ndani yake hakuna kizuizi, wala kitu cha kuongezwa, cha kuondolewa au cha kubadilishwa. Kwa kipimo hicho, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ni kesi nzuri. Chipu yake kuu ilikuwa na njia moja ya PCIe, lakini njia hiyo ilikwisha kukabidhiwa kidhibiti cha USB 3. Watundu walikibandua kidhibiti, wakalehemu nyaya nyembamba, wakaipata njia. Je, bodi ilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo? Silikoni ilikuwa nao. Bodi haikuwa nao, maana ilibidi kitu king'olewe kwanza. Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023 ikiwa na kiunganishi cha PCIe kilicho wazi, kilichokuwa udongo kikawa shaba.

Kibaya zaidi kwa nadharia nzima ni muda. ALIX, bodi za PC Engines zilizotangulia familia ya apu, zilitumia prosesa ya Geode ya hadi megahezi 500 na sloti za mini PCI za kizazi cha nyuma. Watengenezaji wa kadi za Wi-Fi wakahamia mini PCIe, kisha M.2. Ndani ya ALIX hakuna waya uliokatika wala pini iliyopinda. Hata hivyo, kuna mambo ambayo sloti yake ingeweza kuyapokea na sasa haiyapati, kwa sababu watu waliokaa mbali nayo waliacha kutengeneza kadi za upande wa pili. Basi uwezo wa kupokea haukai ndani ya kitu peke yake. Sehemu yake imewekwa amana kwa wengine, nao wanaweza kuiacha bila hata kugusa kitu chenyewe.

Wanaweza pia kuuzuia kwa amri. Kompyuta za mkononi za ThinkPad za miaka kadhaa zilikuwa na orodha ya kadi zilizoruhusiwa. Ukitia nyingine, yenye umbo sahihi na nyaya sahihi, ujumbe wa kosa 1802 hutokea na mashine hukataa kuendelea. Huu si upungufu wa mwili. Ni kunyimwa, na mwenye mashine ana haki ya kuliita jambo hilo hivyo.

PC Engines ilitangaza mwaka 2023 kwamba familia ya apu imefika mwisho. Michoro ya saketi za apu2 ilichapishwa hadharani, na programu yake ya kuwashia imejengwa juu ya coreboot, ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu mwenye bodi hiyo leo anaweza kufuata kwa kidole kila waya kutoka pini ya sloti hadi prosesa, na kujua kabla ya kununua kadi ni nini kitapokewa. Mwenye bodi isiyo na mchoro, hata kama sloti zake ni nzima kabisa, hana njia ila kununua kadi, kuijaribu, na kununua nyingine.