Kumchoma Mnyama Ili Kumponya Mwanadamu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twaleta hapa suala lililoulizwa katika darsa letu la Alkhamisi usiku, hapa Majengo, Pumwani. Kijana mmoja wa mtaani petu amepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Kazi atakayopewa ni kutia sumu ya haradali juu ya ngozi za nguruwe na simbilisi, kisha kutazama zinavyoungua na ni dawa gani izitulizayo. Akauliza: "Sheikh, yajuzu?"

Baadhi ya waliohudhuria walishikwa na neno nguruwe, wakabishana juu ya najisi. Hilo si gumu. Katika madhehebu yetu ya Shafi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lililo gumu ni maumivu ya kiumbe asiyeweza kujisemea.

Sumu hii si ngeni katika pande zetu. Tangu Disemba 1935 ndege za Waitalia ziliinyunyizia Uhabeshi, na Italia ilikuwa imekwisha kuukubali mkataba wa Geneva wa 1925 uikatazao. Askari wengi wa Kihabeshi walikuwa pekupeku. Haiumi papo hapo. Hupita masaa, kisha ngozi ikawa nyekundu, ikafura malengelenge, macho yakafumba, kifua kikaziba. Mwaka 1988 watu wa Halabja, Waislamu wenzetu, walimwagiwa sumu hii pamoja na nyinginezo, na aliyewamwagia ni serikali ya nchi yao wenyewe. Hata leo haijapatikana dawa ya kuivunja ikishaingia mwilini. Basi haja ya kutafuta ipo.

Lakini je, mnyama atujulisha? Ngozi ya nguruwe yakaribia yetu, ila yeye na simbilisi hawatoki malengelenge makubwa kama ya mwanadamu. Na ijulikane kuwa wataalamu wa Kiingereza, waliokuwa na wanyama tele, hawakutosheka nao. Katika miaka ya 1930 na 1940, huko Rawalpindi, waliwatia askari wa Kihindi katika gesi hiyo. Mnyonge naye alifanywa simbilisi. Kwa upande wa pili, mwaka 1942 huko Yale ndugu wa sumu hii alijaribiwa kwa panya na sungura, kisha akapewa mgonjwa wa saratani, na hapo ndipo zilipoanzia dawa nyingi za maradhi hayo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumfanya mnyama aliye hai kuwa shabaha, na akatueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hata hivyo Sharia imeturuhusu kuchinja ili tule, na kuokoa roho ni kukubwa kuliko kushiba. Kwa hivyo naona yajuzu, iwapo hakuna njia nyingine (siku hizi baadhi ya majibu hupatikana kwa ngozi ya binadamu iliyobaki katika upasuaji), iwapo mnyama amelazwa kwa dawa asihisi, na iwapo hawazidi idadi ya haja. Na sisi tusijione wasafi. Nendeni Kiamaiko alfajiri mkatazame mbuzi anavyoburutwa kwa mguu mmoja mbele ya mwenziwe anayechinjwa, kinyume cha tulivyofunzwa, na wachinjaji ni watu wa swafu ya kwanza.

Linalonitia hofu zaidi ni jingine. Porton, huko Uingereza, pameanzishwa 1916 kwa ajili ya gesi za vita, na humo humo imetafutwa sumu na kinga yake. Ajuaye ni kiasi gani kiponyekacho ajua pia ni kiasi gani kisichoponyeka. Nikamwambia kijana: ukiona suali limegeuka, wanatafuta mchomo ulio mkali zaidi badala ya dawa, toka, ujapokatiwa posho.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, chungu ni moja na vipimo ni vile vile. Nitajuaje kuwa limegeuka?"

Sikuwa na jawabu. Nimemwomba arejee Alkhamisi ijayo.