Kioo Kimoja, Umande Mbalimbali

Katika nyumba za nyanda za juu, kama kule Njombe, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, madirisha ya Juni na Julai huamka yamelowa kwa ndani. Lakini hayalowi sawasawa. Pembe za chini huchuruzika maji, katikati pana ukungu mwembamba tu, na pale mtoto alipoandika jina lake kwa kidole juzi, jina hurudi.

Zamani wengi waliamini kuwa umande huanguka kutoka mbinguni kama mvua. Daktari William Charles Wells, katika insha aliyoichapisha London mwaka 1814, alieleza kwamba ni mvuke wa hewa ugeukao maji ukikuta kitu kilichopoa vya kutosha. Alifanya kazi hiyo kwa vifungu vya sufu, akivipima uzito kabla na baada ya kuviweka nje usiku. Napenda sayansi ya namna hiyo, isiyohitaji maabara.

Basi hewa ya chumbani ni ile ile. Pumzi za waliolala hazibagui. Tofauti imo katika kioo. Hewa iliyopozwa nacho huwa nzito, ikashuka, na sehemu ya chini ikazidi kupoa. Fremu ya chuma hupitisha joto nje upesi. Nyuma ya pazia zito joto la chumba halifiki. Na mafuta ya kidole hubadili jinsi matone yanavyotanda.

Kwa miaka mingi nimesikia walimu wakisema: “Nimewafundisha wote sawasawa, aliyeshindwa ni mzembe.” Mwalimu huyo ametueleza habari za hewa, akanyamaza kuhusu kioo. Je, haki ni kugawa sawa, au ni kujua kwanza anayepokea yuko katika hali gani? Mimi nashika la pili. Mwenzangu mmoja alinipinga: ukianza kuhesabu baridi ya kila mtoto, hutapata wa kumwajibisha. Hoja hiyo si nyepesi, maana kioo hakina hiari, mtoto anayo. Lakini hiari haiondoi baridi. Mwalimu anayeuliza, “Jana ulilala wapi?” kabla ya kuuliza, “Hesabu ziko wapi?” hajafuta adhabu. Ameiahirisha kwa dakika tano, na huenda akaipeleka kwa mtu mwingine.